Namba Kumi na Tano

Jumatatu, 4 Februari

Leo dirisha la kupokea nyimbo limefungwa. Nyimbo kumi na nne. Nchi nzima, watu wote hawa wanaoimba bafuni, na zimepatikana kumi na nne tu za kushindania safari ya mashindano ya kimataifa. Nimezipokea kwa mkono wangu, hapa chumba cha chini cha jengo la redio, ambako nimekuwa karani wa kanda kwa miaka ishirini na miwili.

Utaratibu ni huu. Nauandika ili wajukuu wajue babu yao alishika nini. Mtunzi analeta kanda isiyo na jina. Jina linakaa ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri. Mimi naipa kanda namba, bahasha naipa namba ileile, bahasha inaingia kwenye sefu. Waamuzi saba wanasikiliza namba, si watu. Tano bora zinaimbwa na bendi mbele ya watazamaji, moja kwa moja redioni. Mshindi anapanda ndege. Haki tupu. Hakuna wa kupenya.

Isipokuwa anayetoa namba.

Shemeji, kaka yake mke wangu, mwalimu wa muziki, ameleta wake. Namba saba. Nimemtambua kwa kinanda. Ana vidole vya kujisifu. Jana alikuja kula, akakaa kwenye kiti changu, akasema wimbo huu umemjia wenyewe. Mke wangu akamwongezea mchuzi. Mimi nyimbo hazinijii. Mimi nazifuata, na zikiniona zinavuka barabara.

Kesho nitakuwa namba kumi na tano.


Jumanne, 5 Februari

Mtunza stoo amekataa kunipa kanda mpya. Anataka fomu yenye sahihi tatu. Nikaenda rafu ya chini kabisa, nyuma, nikachukua kanda kuukuu. Lebo yake imekwanguliwa. Panya, bila shaka.

Nikafunga mlango. Nikabonyeza kitufe chekundu. Nikaimba wimbo wangu, "Bendera Inapepea, Moyo Unapepea", beti nne, nikipiga ngoma juu ya meza. Niliguswa. Ubeti wa tatu nilijiliza mwenyewe.

Katikati ya ubeti wa pili simu ya mezani iliita. Nikainua. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikasema: "Nakuunganisha. Tafadhali usikate."

Nikangoja. Hakuna aliyekuja. Kulikuwa na pumzi tu, kama ya mtu anayesikiliza na hataki kukusumbua. Nikarudisha mkono wa simu mahali pake.

Baadaye ndipo nikakumbuka kuwa jengo hili halina opereta. Ule ubao wa kuunganishia simu wa ukumbi wa juu uling'olewa miaka tisa iliyopita. Limebaki doa jeupe ukutani, la mraba, na nyaya zilizokatwa zinazochungulia kama sharubu. Nadhani ni utani wa fundi mitambo. Ni msichana mzito wa kucheka, na watu wa namna hiyo ndio wenye utani.

Kanda nimeipa namba. Bahasha yenye jina langu iko kwenye sefu. Sikuirudia kuisikiliza. Mpishi anayejiamini haonji.


Alhamisi, 7 Februari

Usikilizaji. Studio ya pili. Mkuu wa Muziki, mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, amewaketisha waamuzi saba wakitazama ukuta, kila mmoja na kalamu yake, wasije wakasomana nyuso. Fundi mitambo anaendesha mashine. Mimi nampa kanda.

Moja hadi sita: miayo. Saba, ya Shemeji: waamuzi wawili walitikisa miguu. Nikakohoa kwa nguvu kwenye kiitikio, mara tatu, mpaka Mkuu akaniuliza kama nataka maji. Nane hadi kumi na nne: sikumbuki.

Kumi na tano. Nikafumba macho nisikie sauti yangu.

Ikatoka sauti ya mwanamke.

Haina kinanda, haina ngoma. Sauti peke yake, karibu mno, kana kwamba mwimbaji ameweka kidevu chake begani mwako. Aliimba taratibu:

*Nimebeba sauti za watu, mchana kutwa nimebeba,*
*yangu mwenyewe nimeiweka wapi?*
*Ukinisikia, gonga.*

Beti tatu. Kisha kimya. Hakuna mwamuzi aliyegeuka. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mwamuzi wa kwanza kutoka kushoto, akainua mkono akagonga ukuta kwa kidole. Mara mbili. Akafuata wa pili. Wa tatu. Mpaka wa saba. Kisha wote wakaandika.

Mkuu aliwauliza kwa nini wamegonga. Walitazamana. Wote saba walisema hawakugonga kitu. Mwalimu mkuu alikuwa anajifuta kidole kwenye suruali.

Kumi juu ya kumi, mara saba. Haijawahi kutokea.

Hapo ningeweza kusema kuna kosa. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mtu akikupa kumi saba, unamrudishia za nini?


Ijumaa, 8 Februari

Nimelifikiria jambo hili kwa akili timamu. Sikubonyeza kitufe chekundu sawasawa. Basi. Nililiimbia kabati.

Nikiwa nimeshatulia hivyo, fundi mitambo akashuka na kanda. Alisema kuna kitu kinamsumbua. Akanivalisha spika za masikioni, akaongeza sauti mpaka mwisho. Kabla ya mwanamke kuanza, mbali sana, kama mtu aliye chini ya maji, mwanamume anapiga meza. Anakohoa. Kikohozi nakijua, nimeishi nacho.

Fundi akasema, "Yaani kuna mtu amerekodi juu ya huyu mama. Kanda ikirekodiwa juu, ya chini inafutika. Hii ya chini ndiyo imemfuta wa juu."

Nikamwambia vifaa vyetu ni vya zamani. Nikaanza kupanga kalamu.

Mkuu ametangaza tano bora. Saba imo. Kumi na tano imo. Bahasha hazifunguliwi mpaka siku yenyewe, ila karani awaarifu watunzi kwa namba zao, walete waimbaji wao mazoezini Ijumaa ijayo. Nimejiarifu. Nimejipongeza pia. Wiki ijayo redio itarusha kipande cha kila wimbo kama tangazo.

Tatizo dogo: sina mwimbaji.


Jumapili, 10 Februari

Shemeji kaja kula. Kiti changu tena. Akiwa anasubiri chai, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na mimi kijiko kikanianguka. Ulikuwa wimbo wa kumi na tano.

Nikamuuliza kausikia wapi. Kwenye usikilizaji hakuwepo, na matangazo hayajaanza. Akasema alipiga simu shuleni, laini ikaingiliana na nyingine, kulikuwa na mama anaimba. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijikuta nagonga meza, shemeji. Sijui kwa nini."

Kisha cherehani ikasimama chumba cha pili, kwa mke wangu anayeshona mapazia ya watu. Hapo ndipo nilipotambua kuwa tangu asubuhi ilikuwa inakwenda kwa mdundo uleule. Nikamwambia mke wangu aache kuimba. Akasema, "Nani anaimba?"

Basi, niandike. Shajara ni yangu, ufunguo wa droo ni wangu.

Yule mwanamke namjua. Nilimjua kwa neno la kwanza. Alikuwa opereta wa simu wa jengo letu. Laini zikipoa alikuwa akiimba pale pale ubaoni, na watu walipanda ngazi bila sababu ili wapite karibu naye. Miaka ishirini na miwili iliyopita alileta wimbo wake kwenye mashindano. Mimi nilikuwa na miezi mitatu kazini. Mkuu wa wakati ule, sasa marehemu, alikuwa na mpwa wake anayeimba kama mlango usiotiwa mafuta. Akanipigia simu. Akasema anasikia kanda ya yule opereta imeharibika. Nikasema haijaharibika, mkuu. Akasema anasikia imeharibika. Nikaelewa. Nikaandika kwenye daftari: "Imeliwa na mashine." Lebo niliikwangua kwa wembe. Panya nimemsingizia.

Lakini sikuiharibu. Hilo lihesabiwe upande wangu. Niliiweka rafu ya chini, pakavu.

Na yeye hakujua. Akaendelea na kazi miaka kumi na mitatu, mpaka ubao ulipong'olewa. Kila asubuhi alinipigia chumba cha chini. "Habari za huko chini?" Namjibu nzuri. Anakaa kidogo kwenye laini, kisha anasema haya, kazi njema. Mtu mwenye kinyongo haongei hivyo. Alifariki mwaka juzi. Mazishini sikwenda, nilikuwa na mafua.

Kwa hiyo wimbo huu hauna mzazi. Ni yatima. Na kumlea yatima ni thawabu.


Jumanne, 12 Februari

Nimempata mwimbaji. Anaimba kwenye hoteli ya mtaa wa pili, jioni, watu wakila. Viatu vya dhahabu. Nimemwahidi ndege, kiti cha dirishani. Alikuja mchana chumbani kwangu akavaa spika za masikioni.

Ubeti wa pili akazivua. Akageuka nyuma. Akazivaa tena.

Akaniuliza, "Mzee, kwani nani yule mwingine?"

Nikamwambia yupo mmoja tu. Akasema, "Huyo anayeimba nimemsikia. Nauliza huyu anayevuta pumzi kati ya mistari. Amenipulizia shingo."

Nikasema ni feni. Tukatazama feni pamoja. Haijazunguka tangu mvua za mwaka jana.

Amekubali lakini. Ndege ni ndege.

Tangazo limeanza kurushwa leo. Kila baada ya taarifa ya habari, sekunde ishirini za yule mama. Mke wangu anasema majirani wote watatu wamezima redio na bado wanalisikia.


Ijumaa, 15 Februari

Mazoezi. Ukumbi mkubwa, bendi nzima, viti mia nne vitupu. Nilikaa safu ya mbele kama mtunzi asiyetaka kujulikana. Nilikuwa nimevaa tai.

Mwimbaji wa hoteli alianza vizuri. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu akafungua kinywa, akasita, akashika koo lake. Wimbo haukusita. Uliendelea kutoka kwenye spika za ukutani, sauti ileile ya kwenye kanda, na kanda ilikuwa mfukoni mwangu.

Fundi mitambo akashusha maikrofoni zote. Ukaendelea. Akachomoa waya wa umeme, nilimwona ameushika mkononi. Ukamaliza mstari, ukavuta pumzi, ukasema neno la mwisho. Ndipo pakawa kimya.

Bendi ilikuwa imemfuata mpaka mwisho. Kiongozi wao alipoulizwa alisema kwa unyenyekevu kwamba yeye kazi yake ni mdundo, na huyo mama alikuwa ndani ya mdundo.

Mwimbaji wa hoteli akavua viatu vya dhahabu, akavitia kwenye mkoba, akaondoka pekupeku. Aliponipita aliniambia, "Huu una mwenyewe. Mtafute." Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Hakunitazama. Alitazama nyuma ya bega langu, akasema pole. Sijui alimwambia nani.

Kesho ndiyo kesho. Nimerudi nyumbani nikamwomba mke wangu apande jukwaani, afungue na kufumba kinywa, mimi nicheze kanda chini. Amekataa. Amesema kufungua kinywa bila kutoa neno ni kazi aliyoifanya miaka ishirini ya ndoa, na hana haja ya kuifanya mbele za watu.

Ila ana sanamu la kushonea. Kiwiliwili cha mwanamke, mguu mmoja wa mti. Kila mtu anajua waimbaji wakubwa wana aibu. Huyu wangu ataimba nyuma ya pazia.


Jumamosi, 16 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi nilibeba sanamu kwa shuka. Mlinzi wa getini akauliza kama mgonjwa kazidiwa. Nikasema anapumua. Nikalisimamisha nyuma ya pazia jeupe la jukwaa, nikalivika gauni la mteja, nikaligeuza uso, yaani mahali ambapo uso ungekuwa, kuelekea watazamaji. Taa ikiwaka nyuma yake, unaona mwanamke. Hata mimi nilijisikia kumsalimia.

Saa nane nikashuka kuchukua rekoda ndogo. Simu ikaita.

"Nakuunganisha. Tafadhali usikate."

Safari hii niliunganishwa. Nilimsikia marehemu Mkuu wa zamani, sauti yake ya tumbaku, akisema anasikia kanda imeharibika. Kijana mmoja akasema, haijaharibika, mkuu. Marehemu akarudia. Kijana akanyamaza. Halafu akasema, "Ndiyo, mkuu. Nimeelewa, mkuu. Asante, mkuu."

Nilikuwa nimesahau kwamba nilimshukuru.

Na nyuma ya sauti hizo mbili, pumzi. Ile ile. Ya mtu anayesikiliza na hataki kusumbua.

Nikakata. Simu za zamani zina kasoro.

Saa tisa kamili tukaingia hewani. Ukumbi umejaa. Shemeji alipiga kinanda, wanafunzi wake wakaimba, watu wakapiga makofi ya kweli. Mke wangu alisimama. Kwangu huwa anasimama kufunga dirisha.

Kisha mtangazaji akaita namba kumi na tano. Taa ikawaka. Kivuli cha mwanamke nyuma ya pazia. Ukumbi ukatulia mpaka ukasikia viti vikipoa. Nikiwa nimechutama chini ya jukwaa, nikabonyeza.

Mkwaruzo wa kanda. Kikohozi. Kisha mwanamume anapiga meza, anaimba kwa nguvu zake zote:

*Bendera inapepea, moyo unapepea!*

Watu mia nne, na nchi nzima redioni. Nikabonyeza kuzima. Haikuzima. Walianza kucheka nyuma, kicheko kikaja mbele kama maji. Ule ubeti wa tatu, wa kulia, wengine walilia pia, wakishikana mabega.

Kisha kicheko kikakatika. Hakikupungua. Kilikatika, kama mtu amechomoa waya.

Nikachungulia. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na mwanamke amepanda jukwaani. Nilidhani nimekufa. Kisha nikaona amevaa sare ya muuguzi, ana kalamu mbili mfukoni na viatu vya kazi. Mtu wa nyama na damu. Akasogelea maikrofoni, akaomba radhi kwa kuchelewa, ametoka zamu. Akasema amesikia tangazo wodini. Akasema, "Huu ni wimbo wa mama yangu. Alikuwa mpokea simu wa jengo hili. Kama mtaniruhusu, naujua wote."

Mkuu wa Muziki, kutoka mezani kwake, akaitika kwa kichwa tu.

Akaimba. Sauti ni ileile. Bendi haikuuliza ufunguo wa sauti. Kanda yangu chini ya jukwaa ikanyamaza yenyewe, kwa adabu. Na alipofika kwenye neno la mwisho, watu mia nne waligonga mikono ya viti, mbili mbili, wote kwa pamoja. Nilisikia pia mtu anagonga chini ya jukwaa. Mkono ulikuwa wangu.

Nikatazama nyuma ya pazia. Sanamu lilikuwa limegeukia ukuta.

Waamuzi hawakukaa hata dakika moja. Kumi na tano. Mkuu akaletewa bahasha, akavunja lakiri, akasoma moyoni. Akavua miwani. Akanitazama mimi niliyekuwa natambaa kuelekea mlangoni. Akasema kwenye maikrofoni kwamba bahasha hii ina kosa la kiofisi, akamwomba muuguzi ataje jina la mama yake. Akalitaja. Ukumbi mzima ukalirudia, pole pole, kama wanajifunza.

Shemeji alikuwa wa pili.

Nilijificha ukumbi wa juu, nikidhani hapana mtu. Muuguzi alikuwa amesimama mbele ya lile doa jeupe ukutani, ameweka kiganja juu yake. Akageuka. Akaniambia shikamoo. Nikaitika marahaba, lakini ilitoka ndogo.

Akasema, "Wewe ndiye baba wa chumba cha chini. Mama alikutaja sana."

Nikamuuliza alisema nini.

"Alisema ile simu ya bosi wenu aliiunganisha yeye. Ilikuwa akate, hakukata. Alisikia yote."

Nikauliza kwa nini basi hakusema, miaka yote ile.

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka na kazi. Akasema, "Alikuwa anakungoja useme wewe. Alikuwa anakupigia kila asubuhi, si ndiyo? Habari za huko chini. Alikuwa anakupa nafasi. Akirudi nyumbani nikimuuliza, anasema: leo bado."

Miaka kumi na mitatu. Kila asubuhi.

Nilitaka kumwambia kitu. Kilikuwepo, nilikisikia kifuani, kizito kama tofali. Nikamwambia njia ya kutokea ni kushoto.

Nadhani ni gesi. Sikuwa nimekula.


Jumatatu, 18 Februari

Niliitwa. Mkuu hakupandisha sauti, jambo ambalo nililiona si la haki. Mtu akikufokea unapata pa kushika. Aliniuliza kama nina la kusema. Nikasema vifaa vyetu ni vya zamani. Nimehamishiwa chumba cha barua za wasikilizaji, kuanzia mwezi ujao. Nisiguse kanda wala bahasha ya mashindano mpaka nistaafu.

Fundi mitambo alikuja kuondoa simu ya mezani kwangu. Akaufuata waya kwa mkono, nyuma ya kabati, juu ya dari, ghorofa ya kwanza. Alirudi na vumbi kichwani, amebadilika rangi. Akasema waya unaishia kwenye lile doa jeupe. Umekatwa. Umekatwa tangu ubao ulipong'olewa. Simu hii haijawahi kuwa na uhai kwa miaka tisa.

Nikamuuliza, basi Mkuu alikuwa ananipigiaje miaka yote hii? Akasema Mkuu hajawahi kunipigia. Hutuma mtu.

Nikaanza kuhesabu simu nilizopokea miaka hiyo tisa. Zile za asubuhi zilizoita mara moja, nikainua, pakawa pumzi tu, nikasema nzuri, nikakata. Nilizoea. Niliacha kuhesabu.

Jioni Shemeji alikuja. Hakukaa kwenye kiti changu. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia wimbo wangu wa bendera una mahali pazuri kwenye ubeti wa nne, na akipenda mtu unaweza kurekebishika. Alisema kwa moyo safi. Hilo ndilo sitamsamehe.


Jumanne, 2 Aprili

Mashindano yamekwisha Jumamosi. Muuguzi aliimba huko ughaibuni, amevaa gauni alilolishona mke wangu bure. Tumekuwa wa tisa. Hakuna aliyelalamika. Mitaani watu walikaa vibarazani na redio zao, na mwishoni nilisikia milango ikigongwa, nyumba hadi nyumba, mpaka mbali. Mke wangu aligonga meza. Mimi nilikuwa nimejifungia chooni.

Chumba cha barua si kibaya. Kina mafaili, kabati, na mimi. Kazi ni kufungua, kusoma, kupanga: salamu, malalamiko, mashairi. Mashairi ni mengi kuliko malalamiko, na yanafanana nayo.

Leo imekuja bahasha ya karatasi ya daftari, imegundishwa kwa ugali wa ngano. Binti wa darasa la sita. Ametunga wimbo wa beti tatu kwa ajili ya bibi yake asiyeona, anaomba usomwe redioni siku yoyote, bibi husikiliza kila siku. Jina lake ameliandika mara mbili, juu na chini, lisije likapotea.

Nimeusoma nikiwa nimesimama. Nikausoma tena nikiwa nimekaa. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi kikifika kwa stempu moja.

Mtoto wa darasa la sita atafanya nini na wimbo kama huu? Ataukuza vipi? Nimeunakili kwenye karatasi safi, ili usichakae. Neno "bibi" nimelibadilisha kuwa "taifa". Limekaa vizuri tu. Chini nimeweka jina langu. Nilipomaliza herufi ya mwisho, mtu alikohoa nyuma ya kabati, kikohozi cha upole, cha kunijulisha kwamba yupo. Nikasema karibu. Hakuna aliyeingia.

Sina wasiwasi. Nimeandika kwa penseli, na penseli hufutika.